Mtu wa Chumba cha Ndani

Nyumba nyingi za udongo kule Macalder, Nyatike, zilibandikwa magazeti ya zamani na kalenda za kanisa. Ya Jedidah Awino ilibandikwa watoto. Watoto wa Kichina, wanene, mashavu mekundu, vitovu nje bila haya: mmoja amempanda samaki mgongoni, mwingine amekumbatia samaki mkubwa kuliko yeye, wa tatu anacheka tu kama aliyemaliza uji wa nyumba nzima. Wanawake wa kanisani walipokuja kuomba kwake walifungua jicho moja katikati ya sala ili wawatazame. Wakishasema amina, walianza kubishana kama yule samaki ni fwani au ningu wa ziwani kwetu, na ubishi huo haukupata kuisha.

Picha zile aliletewa na Cephas, mwanawe wa pekee. Kijana huyo alikwenda Uchina mwaka 1964 kusomea kazi ya kuchora na kuchapa mabango. Ndiyo, mabango. Serikali ya kule haikutosheka na redio. Ikitaka watu walime, ilichora mkulima mwenye mikono minene na kumbandika kila kona. Ikitaka wamchukie mtu, ilimchora huyo wa kuchukiwa, meno nje. Cephas alimweleza mama yake siri za kazi hiyo huku wakimenya viazi. "Ukimchora mtu anatazama juu, mama, anayemwangalia naye atainua kichwa bila kujua." Jedidah alibisha, kisha akajikuta ameinua kichwa, na wote wawili wakacheka hadi viazi vikaungua.

Lakini watoto wale wenye samaki hawakuwa kazi ya serikali. Walikuwa picha za zamani za mwaka mpya, za kuombea nyumba shibe na uzazi, na aliyezichora alikuwa mwalimu wa Cephas, mzee mpole. Mwaka 1966 vijana wenye vitambaa vyekundu mikononi waliingia chuoni wakaanza kuchoma kila kitu cha kale. Mzee alimpa Cephas picha alizoweza kuficha. Cephas akazikunja, nje akazizungushia bango moja la siasa, jekundu, la kuonekana kutoka mbali. Vijana waliona bango la upande wao, wakampisha njiani. Hivyo ndivyo watoto walivyofika Nyatike salama, wakiwa wamefunikwa na bango lenye ngumi.

"Hilo la nje ni la kufungia tu," alimwambia mama yake siku aliyorudi. Alisema huku akitazama pembeni. "Washia moto."

Jedidah hakuwashia moto. Alilikunjua akiwa peke yake, akakaa kitini kulitazama. Katika bango kulikuwa na mtu mweusi, kifua wazi, mabega mapana, amenyoosha ngumi juu, na mkono wa pili umeshika nyundo. Alikuwa Ogada. Paji lile, taya lile, hata ile namna ya kukunja nyusi kama anayetazama jua. Ogada mumewe alichimba dhahabu kwa nyundo yake mwenyewe katika vishimo vya kando ya mto, hadi homa ilipomchukua, Cephas akiwa bado mwanafunzi mdogo. Mpiga picha wa mji wa Suna alianza kupita vijijini baada ya msiba. Kwa hiyo Ogada hakuwa na picha hata moja duniani, na Jedidah alikuwa ameanza kuusahau uso wake. Jambo hilo lilimwogopesha kuliko upweke, ila hakumwambia mtu.

Alimtundika katika chumba chake cha ndani, ukuta unaopata mwanga wa asubuhi. Nyuma ya yule mtu kulikuwa na umati wa watu wadogo wamebeba vitu mabegani, na Jedidah alijua mara moja kuwa ni wachimbaji na sururu zao. Mnyororo uliokatika mkononi mwa yule mtu ulikuwa wa ndoo ya shimoni, maana minyororo hiyo ilikatika kila mara na Ogada alilalamika juu yake hadi kufa kwake. Yale maandishi ya chini hakuyajali. Hakujua kusoma hata ya kwetu.

Cephas hakumwona pale ukutani. Mwana aliyekwisha kuwa mwanamume haingii chumba anacholala mama yake, na Cephas alikuwa mtoto wa adabu, Uchina au si Uchina. Yeye aliamini bango lile liliivisha ugali zamani.

Kazi ya maana hakuipata. Cheti chake hakuna aliyeweza kukisoma, na aliyeweza kukisoma asingethubutu kukiri. Basi akawa mchora vibao vya maduka, leo Suna, kesho Homa Bay. Mambo yalimnyookea kidogo hadi alipopewa kazi na Nyakundi, mwenye bucha moja pale Homa Bay. Nyakundi alitaka ng'ombe tu. Cephas akamchora Nyakundi mwenyewe, kisu juu, kifua mbele, macho yanatazama mbali kulipita ziwa lote, na nyuma yake jua jekundu linatoa miale. Nyakundi alikuwa mtu mfupi mwenye kitambi, na alipojiona vile nusura alie. Watu waliacha kununua nyama kwingine. Hata mimi ningemfuata Nyakundi yule popote alipokuwa anakwenda na kisu chake.

Ubaya ni kwamba mkono ukishafundwa haufundiki upya kwa urahisi. Huo ulikuwa mwaka 1968, vitabu na majarida ya Uchina yalikuwa yamepigwa marufuku nchini, na afisa mmoja wa upelelezi, akipita kununua maini, alisimama mbele ya kibao muda mrefu. Jua la namna ile alikuwa amekwisha kuliona katika majarida aliyowanyang'anya watu. Aliuliza nani amechora.

Werema ndiye aliyeleta habari. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku kutoka Kegonga, Mkuria mwenye maneno machache, na kwa kuwa yeye hakujua Kijaluo na Jedidah hakujua Kikuria, walikutana katika Kiswahili cha sokoni.

"Mama Cephas, kijana yako wameshika," alisema, hata kabla ya kushusha mzigo. "Nimeona na macho yangu Homa Bay. Ako na pingu."

"Amefanya nini?"

"Mimi sijui. Nimesikia askari wakisema picha. Picha ya Wachina. Wanasema watakuja huku kuangalia."

"Kuangalia nini, Werema?"

Werema alizungusha macho sebuleni. Watoto wote walimchekea. "Hii," alisema polepole. "Si ni hii?"

Alichosikia Werema kilikuwa kweli, ila kilikuwa nusu. Hakuna wa kumlaumu. Alikuwa amepita kando ya ua la polisi na mzigo kichwani, na mtu hasimami pale kuomba arudiwe maneno.

Jedidah hakulia. Alifunga leso kiunoni akaanza kubandua. Zile picha alikuwa amezibandika kwa uji mzito wa muhogo aliouchemsha mwenyewe, na alikuwa akijisifu kwa wanawake wenzake kwamba gundi yake haitoki hata nyumba ianguke. Sasa aliilaani. Alimwaga maji, akakwangua kwa kombe la ziwani, kombe likavunjika, akachukua ubapa wa jembe. Picha zilitoka vipande vipande, shavu kwanza, kisha jicho, kisha mkono umeshika pezi. Alivirusha motoni jikoni. Kwa kila kipande alichotupa alimwona Cephas akiwa mdogo, na alitaka kuacha, na hakuacha, kwa sababu aliamini kila kipande kinachoungua kinamlegezea mwanawe pingu.

Kisha akakumbuka Roseline.

Roseline alikuwa mke wa jirani, ameolewa miaka mingi bila mtoto, na Jedidah kwa huruma alimpa picha moja, ile ya mtoto anayekumbatia samaki. Roseline aliibandika kando ya kitanda akaitazama kila alipoamka. Sasa alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeanza kumtangulia. Unaweza kucheka. Yeye hakucheka.

"Niombe kitu kingine," alisema akiwa amesimama mbele ya ukuta wake, mikono tumboni. "Niombe hata kitanda. Lakini unataka nichome mtoto, na mimi niko hivi?"

"Watamfunga, Roseline. Watampeleka mbali, asirudi."

"Huyu mtoto amefanya kosa gani?"

"Sijui! Wangu amefanya kosa gani?"

Roseline alianza kulia, akageuza uso. Jedidah alibandua mwenyewe, kwa haraka, vibaya, akisema pole, pole, na hata yeye hakujua anamwambia nani. Walipotoka nje Roseline alimfuata nyuma na debe la maji bila kuambiwa. Alikuwa amekasirika na hakumwacha.

Jioni hiyo ukuta wote wa sebule ulikuwa umekandikwa upya, udongo, majivu na samadi, laini, mweusi, hauna hata mtoto mmoja. Mikono ya Jedidah ilikuwa imechubuka hadi kwenye vifundo. Alijiambia kazi imekwisha, akaingia chumba cha ndani kujinyoosha. Mtu wake alikuwa pale, ngumi juu.

Alimtazama kwa muda mrefu sana. Alijua ilimpasa kumtoa naye. Aliinua hata jembe. Lakini wale waliotafutwa walikuwa Wachina, na huyu hakuwa Mchina, mtoto mdogo angeliona hilo. Huyu alikuwa mweusi kama sisi sote. Ni nani atamfunga mtu kwa kuwa na mume ukutani? Ogada alikuwa amekufa mara moja na hakuweza kumuua tena kwa mkono wake. Alichofanya, akiona ni busara kubwa, ni kuchukua wembe na kukata ule ukanda wa chini wenye maandishi. Ukanda akautia motoni. Akalala akiwa na matumaini, maskini.

Kesho yake mchana Land Rover ilisimama uani. Walishuka askari wawili, yule afisa wa upelelezi, mrefu mwenye sauti ya upole, na Cephas. Alikuwa na pingu, shati limechanika begani, ndevu zimeota ovyo, na alikuwa anatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililomvuruga Jedidah kabla hata neno halijasemwa. Mtu anayepelekwa jela hatabasamu vile.

"Mama, usiogope," alisema afisa. "Hii kijana yako anasema picha alileta ni ya watoto na samaki tu, hakuna siasa ndani. Anasema umebandika zote kwa ukuta. Mimi sitaki kufunga mtu bure. Nikiona ni watoto na samaki, nafungua hii pingu hapa hapa, arudi achoree watu nyama."

Jedidah alisikia kila neno, na lilipofika la mwisho alishika nguzo ya mlango. Cephas alikuwa amekwisha kuingia. Harufu ya samadi mbichi ilijaa nyumba nzima. Alisimama katikati ya sebule akageuka polepole, ukuta hadi ukuta, na tabasamu likamtoka.

"Mama," alisema. "Watoto wako wapi?"

Roseline, aliyekuwa amekuja mbio aliposikia gari, aliingia akasema, "Walikuwa hapa, afande. Hata mimi nilikuwa na moja. Mtoto na samaki, Mungu ni shahidi yangu."

"Ziko wapi?"

"Tumechoma."

"Mumechoma," afisa alirudia. Upole ulianza kumwisha. "Picha ya watoto tu, na mumechoma. Mbona?"

Ndipo Jedidah alipourukia ukuta. Aliuparura kwa kucha, udongo mbichi ukimwangukia miguuni, akichimba pale alipokumbuka gundi ilikataa kutoka. "Hawa hapa," alikuwa akisema, "hawa hapa, ngoja, afande, ngoja." Kucha zilikatika. Aliibua doa jekundu. Akaibua kidole cha mguu, kinene, cha mtoto. Akaibua mkia wa samaki, si zaidi ya kiganja, magamba yake ya dhahabu yamepakaa samadi. Gundi yake nzuri ilikuwa imevishika hivyo vichache na kuacha vingine vyote viende.

Afisa aliinama akavitazama. Aliinama kwa muda, akafuta mkia kwa kidole gumba, na Jedidah aliona uso wake unalegea. Nadhani alikuwa anaanza kusadiki. Nadhani kama wangenyamaza hapo, wote, dakika chache tu, angetoa ufunguo mfukoni.

"Hakuna nyingine imebaki?" aliuliza. "Hata moja nzima? Ningeona moja tu, mama, ningesadiki."

"Iko!" Jedidah alipaza sauti. Furaha ilimpanda hadi kichwani. Iko moja, Mungu alimzuia asiichome, sasa alijua kwa nini! "Iko moja nzima, afande, njoo uone. Na hii si ya Wachina hata kidogo. Ni mtu wetu."

Cephas aligeuka kwa mshtuko. "Gani, mama? Mama, ni gani?"

Jedidah alikuwa amekwisha kumfungulia afisa pazia la chumba cha ndani.

Kutoka humo sauti ya afisa ikaita askari wamlete kijana. Cephas alifika kizingitini akasimama. Hakuwa ameingia humo tangu alipobalehe, na hata akiwa na pingu miguu yake ilikataa. Askari akamsukuma. Aliingia akiwa ameinamisha uso, akitazama sakafu, asione kitanda cha mama yake.

"Angalia juu," afisa alisema. "Hii ni mtoto? Hii ni samaki?"

Cephas akainua kichwa.

"Mama, hii watu wa nyuma wamebeba nini?" afisa aliuliza, bila kumwondolea Cephas macho.

"Sururu," alijibu Jedidah. "Ni wachimba dhahabu."

"Ni bunduki, mama. Karibia uone. Kila mtu ako na bunduki." Alipitisha kidole chini ya picha, pale karatasi ilipokatwa. "Na hapa kulikuwa na maandishi. Umekata jana, wembe bado iko kwa dirisha. Sasa niambie, mtu ambaye hajui kitu anakata maandishi?"

Jedidah alisogea. Alitazama wale watu wadogo aliowatazama kila asubuhi, na safari hii hazikuwa sururu, na hazingekuwa sururu tena. Alishika ukingo wa kitanda, akajikaza.

"Ni yangu," alisema. "Huyu ni mume wangu, Ogada. Mimi ndiye nimeweka hapa. Kijana hajui chochote, hajawahi kuingia hapa, uliza mtu yeyote."

"Kama ni yako, basi utaingia kwa gari, mama."

"Nitaingia."

"Ni yangu, afande," alisema Cephas. Alisema kwa utulivu, macho bado ukutani. "Niliileta mimi. Yeye hajui kusoma."

"Wewe ulijua imeandikwa nini?"

"Nilijua. Inaambia watu waliofungwa wasimame wakate minyororo."

"Na jana uliniapia ni watoto tu."

Afisa alitikisa kichwa kwa masikitiko, na naamini yalikuwa masikitiko ya kweli, ingawa hayakumsaidia mtu. Picha hii haikubandikwa kwa uji. Jedidah aliitundika kwa vijiti vinne ili siku moja aitilie kioo, kwa hiyo ilitoka nzima, kwa urahisi, bila hata kuchanika. Askari aliikunja akaiweka kwapani.

Uani Jedidah aliwapenya askari akamshika mwanawe mkono juu ya pingu. Mikono yake ilikuwa udongo mtupu na damu kwenye kucha. Walizungumza Kijaluo, haraka, kwa sauti ya chini.

"Nisamehe, nyathina, mwanangu. Nilidhani ni baba yako."

"Najua, mama."

"Anafanana naye. Ndiyo maana sikuweza."

"Siku ile ya kufunga picha kulikuwa na mabango mengi mezani," alisema Cephas. "Lolote lingefaa. Nilimwona huyu nikamchukua. Safari nzima nilikuwa namfungua kidogo nimwangalie, kisha namfunga."

Jedidah alimtazama. "Mbona sasa uliniambia nimwashie moto?"

Askari walikuwa wanamvuta. Cephas aliinama asigonge kichwa kwenye mlango wa gari, akamgeukia.

"Niliogopa utasema hafanani," alisema.

Mlango ukafungwa. Jedidah alisema anafanana, alisema kwa sauti, akakimbia kando ya gari akisema anafanana, ni yeye, ni yeye kabisa, lakini dereva alikuwa amekwisha kuwasha injini, na Roseline ndiye peke yake aliyesikia.